Mpaka Uliopelekwa Korogwe Kupimwa

Watu wakiniona nachechemea huniuliza kama nilianguka na bodaboda. Huwa nawajibu kwamba niliangukiwa na nyota. Wanacheka, nami nawaacha wacheke, maana nikianza kueleza itabidi niseme nani alifanya nini, na watu wenyewe tunapeana mikono msikitini kila Ijumaa. Sasa nimechoka kuwastahi. Majina sitayaandika, kwa sababu wajukuu wao wamepewa majina hayohayo na hawana kosa. Lakini waliyoyatenda nitayaandika, na kila mmoja atajitambua.

Shamba letu liko Handeni, upande wa kuelekea Korogwe, kwenye udongo mwekundu na mvua inayokuja ikijisikia. Babu aliwagawia wanawe wawili, baba yangu na mdogo wake, akaweka jiwe katikati. Lilikuwa jiwe jeusi, lenye kutu kwenye mikunjo, kubwa kama mbuzi aliyelala, na zito kupita umbo lake. Mashariki ya jiwe ni kwa baba mdogo. Magharibi ni kwetu, na hatua chache tu kutoka kwenye jiwe unaanza mstari wa michungwa aliyoipanda baba.

Michungwa hiyo ndiyo mimi. Shule ilinishinda darasa la nne, nikarudi nyumbani nikashika ngazi na kikapu, na tangu hapo nimekula, nimeoa na nimelea kwa machungwa. Baba mdogo naye aliipenda kuliko aliyeipanda. Kila akipita alisimama, akaiangalia, akasema, "Hii michungwa kama imekosea upande." Baba alikuwa anacheka. Alipokuwa hai, yalikuwa maneno ya ndugu.

Alipofariki tukakaa matanga, wanaume nje kwenye majamvi. Mchana mmoja mtu alikuwa na redio ndogo, ameipunguza sauti kwa heshima ya marehemu, ila si sana. Kikaja kipindi cha sayansi. Mtangazaji akasema kwamba huko juu, ukishapita Mirihi, kuna kitu kinaitwa asteroidi, yaani jiwe linalozunguka jua kama dunia inavyolizunguka. Na si jiwe la kumrushia mbuzi. Ungelilaza hapa, kichwa kikiwa Korogwe, miguu ingekwenda kufika Moshi. Aliyeligundua aliliona kwa darubini zaidi ya miaka mia iliyopita, akaliona kama nukta, nyota kama nyota, isipokuwa wenzake walikuwa wametulia na hili linahama. Wakaja wengine wakalitazama na kulipima mwanga, wakasema huenda lina chuma kingi, huenda ni moyo wa dunia iliyovunjika ikiwa bado changa. Na sasa Wamarekani wamerusha chombo kulifuata. Kitasafiri miaka, na kikifika kitalizunguka na kulipiga picha.

"Halafu kichukue," alisema mwenyekiti wa kitongoji chetu.

"Hapana, mwenyekiti. Amesema kinatazama tu."

"Kinatazama tu?"

"Ndiyo. Hata kurudi hakirudi."

Mwenyekiti alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa bei ya kuibiwa. "Mzungu huyu huyu ninayemjua mimi? Aende miaka yote hiyo, mbali kote huko, kutazama? Nyie mnadanganyika. Hapo kuna kitu."

Wazee wakaguna kukubali. Naliandika hili mapema kwa sababu leo wote wanamsukumia mtani lawama. Ujinga haukuanzia kwa mtani. Ulianzia kwa mwenyekiti, ambaye hakuweza kuamini kwamba kuna mtu duniani anaweza kutaka kujua kitu bila kukitia mfukoni.

Mtani alifika kumaliza matanga. Sisi Wazigua na Wanyamwezi tunataniana tangu zamani, na msibani mtani ana kazi yake. Anasema lolote, kwa yeyote, hata kwa maiti, na mfiwa hana ruhusa ya kununa. Huyu wetu ni mzee wa Mazinde. Babu yake alikuja kukata mkonge, akasahau njia ya kurudi Tabora. Siku hiyo ukoo ulikuwa umetoka kuonyeshana mashamba, nani anarithi wapi, na mtani akafuata nyuma akilalamika kwamba tunamtembeza na njaa. Tulipofika mpakani alilikalia lile jiwe.

"Watumwa wangu," alisema, "mnalia nini? Marehemu alikuwa tajiri, mlikuwa hamjui. Hili nililolikalia mnaliona jiwe. Hili ni toto la lile jiwe la mbinguni la kwenye redio. Lilichoropoka mgongoni kwa mama yake likaangukia Handeni, maana hata mawe yana mikosi. Hao Wamarekani wanamfuata mama mtu kumwuliza, mtoto umemwacha wapi?"

Tulicheka. Mama yangu alicheka, na alikuwa hajafungua mdomo tangu mazishi. Asiyecheka alikuwa mmoja, mtoto wa baba mdogo, msomi wetu, aliyekuja kutoka Dar na viatu visivyotaka matope. Alikwenda nyumbani kimyakimya, akarudi na sumaku aliyoing'oa kwenye spika mbovu. Akaisogeza kwenye jiwe.

Ikanasa.

Kicheko kikafa hapohapo. Msomi akaitoa, akaisogeza tena, ikanasa tena. Akatoa simu, akaanza kutuonyesha picha za mawe meusi, na lile kubwa la huko juu lilivyochorwa, la kijivu, limejaa makovu. Akatuambia limekisiwa thamani ambayo mabenki ya dunia yakiungana hayawezi kuilipa.

"Jamani," mtani alisema, ameshainuka, "mimi nilikuwa natania."

"Mtani bwana!" Mwenyekiti alimpiga bega. "Siri umeshaitapika, sasa unataka kuimeza tena?"

"Nilikuwa natania, mwenyekiti."

"Anaogopa tutamnyima fungu lake!" akadakia baba mdogo, na watu wakaangua kicheko.

"Wallahi nilikuwa natania!"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyozidi kukonyezana. Mzee wa watu alikuwa ametania misiba yote ya upande huu kwa miaka, na neno lake la kwanza la kweli likapokelewa kama utani mtamu kuliko yote. Jioni akapanda gari akarudi zake Mazinde, amenuna, jambo ambalo kwa mtani ni mwiko.

Msomi akasema jiwe lipelekwe Korogwe. Kuna mtaalamu wa madini alikuwa amefikia gesti moja pale mjini. Mimi nikasema hilo ni mpaka.

"Mpaka utarudi," alisema msomi.

"Utarudi, lakini utajua pa kukaa?"

Mwenyekiti akanishika mkono, akanivuta pembeni kwa upole, kama anamsihi mgonjwa anywe dawa. "Ndugu yangu, utazuia maendeleo ya kijiji kizima kwa ajili ya mpaka? Hilo si la kwako wala la baba yako mdogo. Hilo ni la taifa."

Wakalichimbua. Likaingizwa kwenye guta mpaka barabarani, kisha kwenye Fuso la mkaa. Ndivyo mpaka wa babu yangu ulivyopelekwa Korogwe kupimwa.

Mtaalamu sikumwona. Namjua kwa aliyoyasema tu. Alilimulika jiwe kwa tochi, akalinusa, akaligonga kwa nyundo ndogo, akasema hiki ni kichwa. Mwili uko chini. Vitu vya namna hii vikianguka huzama, kinachoonekana juu ni ncha. Chimbeni mumletee mwili, kichwa kitabaki kwake kama sampuli. Msomi, na elimu yake yote ya vidato, hakuuliza mtaalamu ana kazi gani kwenye chumba cha gesti.

Huku kwetu kazi kubwa hatuifanyi peke yetu. Unaita watu, leo wanalima kwako, kesho mnalima kwa mwenzako, na mwenye shamba ndiye anayepika. Hiyo haina mjadala. Mtu akila kwenye chungu chako ujue amefanya kazi kwenye ardhi yako. Mwenyekiti alipopiga mbiu ya kuchimba, walikuja watu ambao hawajawahi kuonekana kwenye palizi ya mtu yeyote. Wakakusanyika na majembe na sururu. Kisha likaja swali. Nani anapika?

Baba mdogo hakuchelewa. "Shimo liko kwa mwanangu huyu," alisema, na mkono akaniwekea kichwani, mbele ya wote. "Jiwe lenyewe lilikuwa limelalia upande wake. Mimi kwangu ni huku."

Nilifurahi, niwaambie ukweli. Nilidhani ameukubali mpaka. Mke wangu akainjika chungu. Akapika ugali na kisamvu, kesho yake ugali na maharage, akawalisha wanaume wenye matumbo kama maghala, na wao wakashiba wakazidi kubomoa mpaka wetu. Shimo likawa pana kama nyumba. Udongo waliutupa upande wa baba mdogo kwa sababu upande wetu kulikuwa na michungwa. Mizizi ya mchungwa wa mwanzo ikatokeza ukingoni, imening'inia. Kila siku mtu alipiga kelele amelipata, na kila siku lilikuwa jiwe la kawaida, lile ambalo Handeni haijawahi kupungukiwa.

Mtani alirudi mara moja kutoka Mazinde kuwaomba waache. Walimpa sahani ya ugali, wakamwambia asubiri fungu lake.

Ikanyesha. Asubuhi yake baadhi yetu tulisema tungoje ukuta ukauke. Msomi akasema chombo cha Wamarekani hakingoji mvua. Bado natafuta maana ya maneno hayo. Niliingia shimoni mimi, maana mke wangu ndiye anayepika na sikutaka mtu aseme mwenye shamba anakaa juu. Nikasikia kitu kama gunia linaburutwa. Ukuta wa mashariki ukanijia wote.

Nilifunikwa mpaka kidevuni. Mguu niliusikia ukivunjika kabla sijausikia ukiuma. Walinifukua kwa mikono, hilo siwanyimi. Lakini nilipotema udongo na kuvuta pumzi ya kwanza, nilimwona mwenyekiti ameinama ukingoni, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa hili.

"Umeona chochote huko chini?"

Nilipelekwa hospitali, kisha nikapelekwa Kerenge kwa wakwe zangu kuuguzwa. Nililala huko msimu mzima nikitazama mabati. Mchana walinipa redio, na siku moja kile kipindi kikarudi. Safari hii walimhoji mtu anayelisoma jiwe lenyewe, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliulizwa kama ni kweli jiwe lote ni chuma. Akajibu kwamba zamani walidhani hivyo, siku hizi wanahisi limechanganyika na mawe mengine, huenda hata halikuwa moyo wa dunia yoyote.

"Kwa hiyo hamjui?" aliuliza mtangazaji.

"Hatujui. Tungekuwa tunajua tusingekwenda."

Nikacheka mpaka mguu ukaniadhibu. Watu wametumia zaidi ya miaka mia kulichungulia jiwe moja, wana darubini za kutisha, na mwisho wanasema hadharani hawajui. Sisi kwa sumaku ya spika tulijua kila kitu kabla ya chakula cha mchana.

Nilirudi nyumbani na fimbo. Nikamkuta baba mdogo juu ya ngazi, anachuma machungwa yangu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umepona?" Wala hakushuka. "Nimeona yanaoza, nikasema niyaokoe. Tena tulipochimba tuliona vizuri. Jiwe lilikuwa kule, ng'ambo ya michungwa, magharibi. Huu mstari ulikuwa wangu tangu mwanzo, baba yako alijisahau."

Nilikwenda Korogwe kulitafuta jiwe. Mtaalamu alishaondoka, na pale gesti hakuna aliyejua kwao ni wapi. Jiwe nililikuta linazuia geti lisijifunge. Mhudumu akaniambia nichukue, watatafuta tofali. Nikalirudisha, lakini likawa halina msaada. Jiwe lilirudi, mahali pake hapakurudi. Nani angeonyesha lilipokaa wakati pale pamebaki hewa?

Nikapeleka kesi kwa wazee wa kijiji. Walikuja shambani wakakaa chini ya hiyohiyo michungwa, na aliyeongoza kikao ni nani? Mwenyekiti. Baba mdogo aliongea kwa utulivu wa mtu aliyeswali. Akasema jiwe lilikuwa ng'ambo ya michungwa, shimo lilianzia kwake likapanuka, na kila kilichoko mpaka mchungwa wa mwisho ni chake. Msomi akaunga mkono kwa simu, ikawekwa sauti kubwa tumsikie.

Nilikuwa na shahidi mmoja, mtani, aliyelikalia siku ile. Akasimama.

"Leo sitanii," alisema.

Wakaanza kucheka. Hata mwenyekiti akafuta macho. "Mzee wewe! Endelea, endelea."

"Jiwe lilikuwa huku, mashariki ya michungwa. Nililikalia kwa makalio yangu."

"Sasa makalio ya Mnyamwezi nayo ni ushahidi?" mtu mmoja akadakia, na ikawa basi. Mtani akakaa. Sijawahi kumwona mzee yule akiwa mdogo namna ile.

Nilijua nimekwisha. Nilikuwa nawaza mguu huu, umri huu, nitakwenda kulima mahindi ya nani. Ndipo mke wangu, aliyekuwa amekaa nyuma na wanawake wengine, akaja mbele akapiga goti kwa baba mdogo.

"Baba, shikamoo. Naomba kuuliza."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Wakati wa kuchimba, watu walikula kwa nani?"

Baba mdogo akatazama juu kama kuna ndege.

"Niulize wengine basi. Mwenyekiti, wewe ulikula kwa nani?"

"Mama, hilo na mpaka…"

"Ulikula mara mbilimbili. Nilikuwa nakupakulia mwenyewe. Ulikula kwa nani?"

"Kwako."

"Huku kwetu mtu anapika watu wakichimba shamba la jirani?"

Wazee wakaanza kujikohoza. Hakuna aliyeweza kusema ndiyo, maana kesho yake angeambiwa apike kwa ajili ya shamba la shemeji yake.

"Basi shimo ni letu," alisema. "Baba alisema mwenyewe, mkono ukiwa kwenye kichwa cha huyu. Na kama shimo ni letu, na michungwa iko huku nyuma ya shimo, baba anafikaje kwenye michungwa yake? Anaruka?"

Hapo walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimehama upande. Wazee wakanong'ona. Mwenyekiti akatangaza, kwa uso wa mtu anayenyang'anywa sahani, kwamba shimo ni letu, mpaka ni ukingo wake wa mashariki, na michungwa isiguswe. Kisha, kwa kuwa hakupenda kutuona tunafurahi, akaongeza kwamba shimo ni hatari kwa mifugo na watoto, hivyo mwenye shimo alifukie.

Mwenye shimo ni mimi, mwenye mguu mmoja unaokubali kazi. Mke wangu akapika, tukaita watu. Wale wale waliolichimba. Mmoja alikuwa na mgongo, mwingine alikuwa na safari ya Mkumbara, mwenyekiti alikuwa na semina. Na baba mdogo akatuma neno kwamba lile rundo la udongo liko kwenye ardhi yake, kikao kimethibitisha, kwa hiyo udongo ni wake na asiuguse mtu.

Aliyekuja alikuwa mmoja, mtani, kutoka Mazinde. Alikula kwanza, tena akala sehemu ya waliokosekana, bila kuharakisha. Nikamweleza habari ya udongo.

"Amekukataza wewe," alisema, akilamba vidole. "Mimi ni mtani wake."

Mtani akichukua kitu cha mtani wake, awe kuku, awe kofia ya kichwani, mwenye kitu haruhusiwi kudai wala kukunja uso. Ndiyo sheria, na baba mdogo anaijua kuliko mimi. Mzee akashika jembe, ambalo sina hakika kama amelishika tangu ujana wake, akavuka ukingo, akaanza kuushusha udongo shimoni. Baba mdogo alitoka mlangoni akasimama.

"Mtumwa wangu!" mtani akampigia kelele. "Nakuibia udongo! Njoo unisaidie kujiibia!"

Baba mdogo ilimbidi acheke. Alicheka kwa meno tu, macho yakiwa kwenye jembe. Akasimama pale akicheka mpaka mtani alipochoka, na alipochoka nikalipokea jembe mimi, fimbo nikaiegemeza kwenye mchungwa.